Usiseme "Ni Usonji Wake Tu"

Leo tuzungumze habari ya mtoto mdogo mwenye usonji ambaye pia anashikwa na kifafa. Najua kuna atakayesema: dada, hayo ni mambo mawili makubwa, utayamalizaje kwa muda huu mfupi? Si mimi niliyeyaweka pamoja, ndivyo yanavyokuja. Ukichukua watoto wote kwa jumla, mwenye kifafa ni kama mmoja katika mia. Ukichukua watoto wenye usonji ambao pia akili zao zimechelewa kukua, anakuwa takriban mmoja katika watano. Hata wale wenye usonji ambao akili zao hazikuchelewa, kifafa huwapata zaidi kuliko watoto wengine. Na kina misimu yake: hupenda kuanza kabla mtoto hajatimiza miaka mitano, na kwa wengine huja pale wanapobalehe.

Kwa hiyo mzazi mwenye mtoto wa usonji anatakiwa aijue sura ya kifafa mapema, hata kama hakijawahi kuonekana nyumbani kwake. Tabu ni kwamba sura zake ni nyingi. Ile moja tunaijua wote: mtoto anaanguka, anakakamaa, anatupa mikono na miguu, povu linatoka, amejikojolea. Hiyo hata jirani wa nyumba ya tatu ataitambua. Kuna nyingine zinapita sebuleni mchana kweupe, watu wamekaa wanakunywa chai, na hakuna aliyeziona.

Nawapa mfano. Nilikuwa mgeni kwa mama mmoja huku Mbagala, ana mtoto wa kiume wa miaka minne. Mtoto hasemi, lakini ana kazi yake: anazungusha mfuniko wa sufuria sakafuni. Anausimamisha kwa ukingo, anauzungusha kwa vidole viwili, kisha analaza shavu chini autazame unavyokwenda. Ukianza kuyumba anaudaka kabla haujalia. Anaudaka kila mara, kwa sababu kelele za bati hazitaki kabisa. Hata bodaboda ikipita nje anaziba masikio. Basi tukiwa katika mazungumzo, mfuniko ukayumba, ukaanguka, ukalia weee mpaka ukanyamaza wenyewe. Mtoto hakuziba masikio, wala hakunyoosha mkono. Shavu lilikuwa bado sakafuni, macho wazi, midomo inacheza kama mtu anayeonja chumvi, na vidole vya mkono mmoja vinavutavuta pindo la fulana. Mama yake akaniambia, "Ndivyo alivyo, anti, huwa anapotea hivyo. Ni usonji wake tu." Ikapita kama nusu dakika. Mtoto akavuta pumzi, akautazama mfuniko kwa mshangao kana kwamba kuna mtu kauweka pale sasa hivi, kisha akalala palepale sakafuni.

Kile kilikuwa kifafa, na daktari alikuja kukithibitisha baadaye. Kilichonishtua mimi ni ule mfuniko kuliko ile midomo. Mtoto alikatishwa katikati ya jambo analolipenda kuliko yote, na akavumilia kelele ambayo siku zote haivumilii. Usonji haumfanyi hivyo. Mtoto mwenye usonji akipunga mikono, akizunguka, akiyumba mbele na nyuma, anafanya analolitaka, linampa raha au linamtuliza. Anaweza kuliacha ukimletea kitu bora zaidi, kisha akalirudia. Kifafa hakimwombi ruhusa. Kinamkuta popote, kinaikata shughuli aliyokuwa nayo, kinakuja kwa sura ileile kila mara, na kikiisha kinamwacha amechoka au amechanganyikiwa.

Vitabu vingi vya afya vinamwambia mzazi amwite mtoto jina ili ajue kama amezubaa tu au ameshikwa. Ushauri huo kwa mtoto wetu huyu hauna kazi, maana haitiki jina hata akiwa mzima wa afya. Tumia kile anachokijibu siku zote. Kuna ambaye ukichakarisha pakiti ya biskuti hata akiwa chumba cha pili atakuja mbio. Kuna wa wimbo fulani wa katuni. Kuna wa kutekenywa nyayo. Ukichakarisha pakiti sikioni kwake na hakuna kilichotokea usoni, hapo pana jambo la kumpeleka nalo hospitali.

Sasa niizungumzie ile sentensi ya mama yule, "ni usonji wake tu". Nimeisikia kwa bibi, nimeisikia kwa mwalimu wa chekechea, na nimewahi kuisikia ikitoka kwa mtu aliyevaa koti jeupe. Mtoto akipotewa na usingizi, ni usonji. Akijipiga kichwa ukutani, ni usonji. Akilia saa nane za usiku bila kunyamazika, ni usonji. Mara nyingine ni kweli. Mara nyingine ni sikio linauma, au jino, au hajapata choo kwa siku kadhaa, na hana maneno ya kusema. Na mara nyingine ni kifafa cha usiku: asubuhi unakuta kitanda kimelowa kwa mtoto aliyekwisha kuacha kukojoa, ulimi una alama ya meno, mto una tone la damu, na yeye anaamka mchovu kama aliyekesha shambani. Usimlaumu kwa kukojoa. Lala naye chumba kimoja usiku kadhaa usikilize.

Kuna jambo jingine la namna hiyo, si la kawaida sana, lakini nisingependa limpite mtu. Watoto wengi wenye usonji wanaopoteza maneno huyapoteza wakiwa na mwaka mmoja na nusu au miwili. Lakini mtoto wa miaka minne, mitano, sita, aliyekuwa akisema vizuri, akaanza kuonekana kama kiziwi na maneno yakamkauka, huyo asiandikiwe usonji haraka hivyo. Wataalamu wawili wa Marekani, Landau na Kleffner, waliandika mwaka 1957 kuhusu watoto wa aina hii. Umeme wa ubongo wao unavurugika, hasa wakiwa usingizini, na lugha ndiyo inayobeba hasara. Wapo kati yao ambao hata siku moja hawakuanguka mbele ya mtu. Huyo anahitaji kupimwa ubongo akiwa amelala.

Na kwa watoto wachanga kuna sura nyingine tena, na hii ina kisa chake. Mwaka 1841 daktari mmoja wa mji wa Tonbridge huko Uingereza, William James West, aliliandikia barua jarida la madaktari, The Lancet. Mgonjwa aliyemweleza alikuwa mwanawe wa kuzaa, hajafikisha mwaka. Mtoto alikuwa na afya njema mpaka miezi minne hivi, kisha kichwa kikaanza kuinama mbele. Kinainama, kinanyooka, kinainama tena, mfululizo, mpaka mwili mzima ukawa unajikunja kuelekea magotini. Baba alihesabu, alitazama mtoto anafanya nini kabla na baada, aliona jinsi ile furaha ya usoni ilivyokuwa ikipungua. Akawauliza madaktari wakubwa wa London, na mmoja wao akamwambia amewahi kuona watoto kama hao, na kwamba yeye huuita ugonjwa wa salaam, kwa jinsi wanavyoinama. Dawa za wakati ule zilikuwa ruba kichwani na dawa za kuharisha, na hazikumsaidia mtoto. Lakini maelezo ya baba yule yamesimama mpaka leo, na ugonjwa wenyewe unaitwa kwa jina lake, West. Siku hizi upo uwezo wa kuutibu, kwa dawa za homoni au kwa dawa iitwayo vigabatrini, na kuwahi ndiko kunakoamua mengi. Kwa hiyo mtoto wako mchanga akianza kuinama mfululizo, hasa akiamka usingizini, usikubali kuambiwa ni tumbo linamsokota. Mrekodi, mpeleke. Baadhi ya watoto hao, hasa wenye ugonjwa wa kurithi unaoacha mabaka meupe kama majani kwenye ngozi, ndio wanaokuja kuonekana na usonji baadaye.

Sasa ile kubwa, ya kuanguka na kukakamaa. Hapo sisi tuna mikono myepesi mno. Huyu kaleta kijiko cha kutia mdomoni, huyu kitunguu cha kunusisha, huyu ndoo ya maji, na vijana wawili wenye nguvu wamekwisha kukalia miguu. Yote hayo yaacheni. Kijiko kinavunja meno na kinaweza kumziba pumzi, ulimi haumezeki. Kumkandamiza hakukati kifafa, kunaumiza mabega. Sogeza stuli, sogeza jiko, kunja kanga uweke chini ya kichwa, legeza shingoni, mlaze ubavu ili mate na matapishi yatoke nje. Kisha fanya jambo ambalo karibu hakuna anayelifanya: tazama saa. Kifafa kingi huisha chenyewe ndani ya dakika mbili au tatu, ila ukikitazama bila saa utaapa kilikuwa cha robo saa. Kikifika dakika tano hakijaisha, au kikiisha kikarudi kabla mtoto hajazinduka, hiyo ni dharura, twende hospitali. Dayazepamu anayopewa kwa njia ya haja kubwa inafanya kazi upesi, na mzazi anayeishi mbali na hospitali amuulize daktari kama anaweza kufundishwa kuitumia nyumbani. Na namba ya dereva wa bajaji iwe kwenye simu yako leo, akijua kabisa kwamba siku ukimpigia usiku ni kwa sababu gani. Bodaboda si ya kumpakia mtoto anayetupa miguu.

Akizinduka, kuna tofauti kati ya mtoto wetu na wengine. Mtoto mwingine atataka kukumbatiwa. Mtoto mwenye usonji, ambaye hata siku njema hapendi kushikwashikwa, anafumbua macho anakuta nyuso za mtaa mzima, taa kali, mmoja analia, mmoja anakemea pepo. Atapiga, atauma, atakimbia, na watu watasema kapandwa. Hakupandwa na kitu. Ondoa watu, punguza mwanga, nyamaza, mpe kile kitambaa chake au mfuniko wake, kaa karibu bila kumgusa mpaka aje mwenyewe. Kulala baada ya hapo ni kawaida. Usimwamshe ale.

Habari ya pepo imenifikisha kwenye degedege. Huku Pwani wazee wetu walihusisha degedege na ndege na mashetani, na watafiti waliokwenda Bagamoyo miaka ya 1990 waliwakuta akina mama wakianzia kwa mganga, kwa mafusho ya kinyesi cha tembo na kumpaka mtoto mkojo, huku wakiogopa sindano kuliko homa yenyewe. Sitaki kuwacheka. Mtu akiona mwanawe amegeuza macho atashika chochote kilicho karibu. Lakini mtoto mwenye homa aliyepata degedege apimwe malaria siku hiyohiyo, kwa sababu malaria ikipanda kichwani haingojei kesho. Dua inasomeka ndani ya bajaji. Na hapa inazaliwa sentensi ya pili, ndugu yake ile ya kwanza: "ni kifafa chake tu, tumemzoea." Mtoto mwenye kifafa naye anaugua malaria na homa ya uti wa mgongo. Akiwa na homa na kifafa kikaja tofauti na siku zote, msimzoee.

Turudi kwenye macho ya mzazi, maana hiyo ndiyo nguvu ya matibabu haya. Daktari hakai naye zaidi ya dakika chache kwa mwezi, na kifafa hakiji kliniki kwa miadi. Simu yako ndiyo shahidi. Mtoto akiwa salama ubavuni, mwenzako ashike simu. Achukue uso na mwili mzima, asikate mpaka mwisho, ataje saa kwa sauti, na wewe uchakarishe ile pakiti ya biskuti isikike. Video hiyo ni ya daktari, si ya stetasi wala ya kundi la ukoo. Na uwe na daftari la shule la kawaida. Usiandike "leo alianguka kifafa". Andika ulichokiona: mkono upi ulianza, macho yalielekea wapi, ilikuwa kabla ya kulala au alipoamka, alikuwa na homa, dawa ya jana alimeza au alitema. Daktari anachagua dawa kwa sura ya kifafa. Kabamazepini, kwa mfano, ni nzuri kwa kifafa kinachoanzia sehemu moja ya ubongo, lakini inaweza kuzidisha kile cha kuzubaa kwa sekunde chache au cha kustukastuka.

Kipimo cha umeme wa ubongo, ambacho hospitalini wanakiita EEG, hakiumi. Hakitoboi kitu. Kinabandika nyaya kichwani na kusoma. Kwa mtoto asiyetaka hata kuchanwa nywele, hata hivyo, ni mtihani. Uanze nyumbani wiki mbili kabla: mvishe kofia ya kubana wakati anakula kitu anachokipenda, mbandike plasta ndogo kwenye paji la uso, moja, kesho mbili, mfanyie mdoli kwanza. Nywele zisiwe na mafuta, misuko ifumuliwe siku iliyotangulia na si asubuhi ile mkiwa mmechelewa daladala. Mara nyingi watamtaka alale wakati wa kupimwa, kwa hiyo wataomba mumcheleweshe usiku na kumwamsha alfajiri. Nendeni wawili, maana kumzuia mtoto asisinzie njiani ni kazi ya mtu mzima kamili. Na majibu yake yasomwe kwa akili. Kipimo kikitoka safi hakifuti kifafa ulichokirekodi, na kikitoka na vurugu kwa mtoto ambaye hajawahi kushikwa, daktari mzuri hatibu karatasi.

Kuhusu dawa nina maneno mengi, nivumilieni. Ya bei nafuu na inayopatikana hata kwenye zahanati ndogo ni fenobabito. Ipo tangu mwaka 1912 na imeokoa watu wengi. Pale Mahenge, mwanzoni mwa miaka ya 1960, Louise Jilek-Aall, daktari mzaliwa wa Norway, alifungua kliniki ya kifafa na dawa yake kubwa ilikuwa hiyo. Siitukani. Lakini kwa baadhi ya watoto fenobabito huwafanya wasitulie, wakasirike kwa jambo dogo, usingizi uvurugike. Sasa mpe dawa hiyo mtoto mwenye usonji, aanze kupanda makabati na kuuma wadogo zake, watu watasema nini? Watasema usonji umezidi! Mama anakata tamaa, au anaacha dawa kimyakimya. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unasema wazi kwamba kwa mtu mwenye ulemavu wa akili, pale valproeti au kabamazepini zinapopatikana, zifikiriwe badala ya fenobabito, kwa sababu hiyohiyo ya tabia. Mzazi ana haki ya kuuliza jambo hilo bila kuonekana mjuaji. Ukiona tabia imebadilika ndani ya wiki chache baada ya dawa mpya, yoyote ile, hata levetirasitamu ambayo ni ya kisasa zaidi na nayo ina hasira zake, andika tarehe kwenye daftari, rudi. Na kama mtoto ni wa kike, swali la valproeti liulizwe kabla hajavunja ungo, kwa kuwa dawa hiyo ni hatari kwa mimba.

Usiache dawa ghafla. Hilo nalirudia hata kama mtanichoka. Fenobabito hasa, ukiikata siku moja, inaweza kuleta kifafa kisichokatika. Kwa hiyo usingoje kidonge cha mwisho ndipo uende kuchukua. Zahanati inaweza kukuambia zimeisha, njoo wiki ijayo. Na ile safari ya Desemba ya kwenda kijijini, dawa ikae kwenye mkoba wa mkononi. Isiwe kwenye begi lililofungwa juu ya basi.

Kumeza nako ni vita. Mtoto anakula vitu vitatu duniani, uji mweupe, ndizi na chipsi, na unashawishika kuponda kidonge ndani ya uji. Akigundua ladha ataacha uji, na sasa anakula vitu viwili. Mpe dawa kwenye kitu kingine kidogo, kijiko kimoja cha asali au jemu kwa mtoto aliyezidi mwaka, saa ileile, kiti kilekile, na baada yake kitu anachokipenda. Watoto hawa wanapenda utaratibu, na hapa utaratibu ni rafiki yako. Uliza kwanza kama kidonge kinapondeka. Vile vinavyotoa dawa polepole na vile vyenye ganda la kulinda tumbo havipondwi. Kama ni ya maji, tikisa chupa kila mara, la sivyo mwanzo wa chupa atakunywa dawa dhaifu na mwisho dawa kali. Na dozi inafuata uzito. Mtoto akirefuka suruali zikampanda, mpeleke apimwe uzito hata kama kifafa kimetulia.

Usingizi nauzungumzia kwa ufupi, ingawa unastahili kipindi chake. Kukosa usingizi kunachokoza kifafa, na watoto wenye usonji wengi hulala vibaya. Giza, saa ileile ya kulala kila siku, simu na televisheni zizimwe mapema, chandarua kila usiku. Kama baa ya jirani inapiga muziki mpaka alfajiri, serikali ya mtaa ipo, nendeni na barua.

Kisha moto na maji. Jilek-Aall aliwakuta Mahenge watu wengi wenye makovu ya moto, walioangukia mafigani, na imani kwamba povu la mwenye kifafa linaambukiza iliwafanya watu waogope kuwashika. Haliambukizi. Mshike mtoto. Jiko la mkaa liinuliwe juu ya meza ya matofali au lizungushiwe kizuizi, pipa la maji lifunikwe, ndoo iliyojaa isiachwe chooni, kuoga kuwe na mtu na mlango usipigwe komeo. Kitanda kiwe cha chini. Mtoto mwenye usonji hupenda maji na hutoroka bila kelele, kwa hiyo kisima cha jirani nacho kikaguliwe. Zaidi ya hapo mwacheni acheze. Nimeona mtoto aliyefungwa kamba mguuni "asianguke mbali". Kamba ilimkata nyama, na kifafa kiliendelea kuja.

Mwalimu naye aambiwe, na asiambiwe kwa mdomo tu. Karatasi moja: kifafa cha mtoto huyu kinaonekanaje, mlaze ubavu, tazama saa, dakika tano mpigie mama, namba hii. Ndugu zake wafundishwe pia. Yule mtoto wa Mbagala ana dada wa miaka minane, na siku hizi yeye ndiye anayekuwa wa kwanza kusema, "Mama, hii siyo ya kuzubaa, mfuniko umelia."

Swali moja limeletwa na msikilizaji wa Tanga: dawa hizi atameza maisha yote? Si lazima. Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 70 ya wenye kifafa wanaweza kuishi bila kushikwa wakipata uchunguzi na matibabu yanayofaa. Mtoto akikaa kama miaka miwili bila kushikwa hata mara moja, daktari huweza kufikiria kuipunguza dawa, kidogo kidogo, kwa miezi. Usonji wenyewe utabaki, dawa ya kifafa haiutibu, ingawa mtoto ambaye ubongo wake haukatizwikatizwi mchana kutwa anaweza kuwa na nafasi zaidi ya kujifunza. Msianze kupunguza mwezi anaoanza shule mpya, wala mkiwa mnahama nyumba. Na siku daktari atakapowaambia sasa tuanze, muulizeni palepale: kikirudi, turudi kwenye dozi ipi, na tumpigie nani? Aandike kwenye kadi ya mtoto, kwa mwandiko unaosomeka.